Kelele Ndani ya Sikio: Maneno juu ya Visikilizio Visivyo na Waya

Siku hizi wazazi wengi wanaokuja hospitalini wanatuuliza juu ya vile vitu vidogo visivyo na waya ambavyo vijana wanavitia ndani ya masikio, wakiviita ekuteri. Wanauliza: "Munganga, ni kweli vinachoma ubongo? Vinaleta kansere?" Halafu baba anamunyang'anya mutoto chombo chake, anarudi nyumbani, na anafungua redio kwa nguvu mpaka jirani wa tatu anasikia habari. Mimi naona ya kuwa tunaogopa kitu kisichopashwa kuogopwa, na kile kinachotuharibu kweli tunakiacha kiingie mulangoni bila kukiuliza jina.

Nianze na jambo la ubongo, nilimalize upesi. Chombo kisicho na waya kinapokea muziki kutoka simu kwa njia ya mawimbi ya redio, yale yanayoitwa Bluetooth. Nguvu ya mawimbi hayo ni ndogo mara nyingi kuliko nguvu ya simu yenyewe wakati unapoishika sikioni na kuzungumza. Hayawezi kuvunja chembe za mwili kama inavyoweza mionzi ya mashini ya kupiga picha za mifupa. Mpaka leo hakuna uchunguzi uliohakikisha kwamba vyombo hivi vinaleta kansere. Basi, waya uwepo ao usiwepo, si neno. Neno ni sauti: ukubwa wake, na saa ambazo sikio linaipokea.

Inafaa tujue namna sikio linavyofanya kazi. Sauti inaingia katika tundu na kupiga kangozi kembamba kama ngozi ya ngoma. Kisha vifupa vitatu vinaipeleka ndani, pahali palipojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna maji, na ndani ya maji kuna chembe zenye vinywele vidogo sana, karibu 15,000 katika kila sikio. Vinywele vikiinama, chembe zinapeleka habari kwa ubongo. Fikiri majani ya uwanja. Mutu mumoja akipita juu yake yanalala, na kesho yanasimama tena. Watu mia wakipita kila siku, pahali pale panakuwa njia, na hakuna jani linaloota. Ndivyo ilivyo kwa vinywele vya sikio. Na hapa kuna jambo linalonishangaza kila mara ninapolifikiri: kuku akipoteza chembe hizo, zinaota mpya. Wataalamu walivumbua jambo hili katika miaka ya 1980. Kuku anazipata tena, mwanadamu hapana. Hatuna kidonge, hatuna sindano, hatuna upasuaji wa kuzirudisha. Hata yule anayeuza mafuta ya masikio sokoni hana, ijapo anasema sana.

Sauti inapimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida ni karibu 60. Shirika la Afya la Ulimwengu linafundisha kwamba mutu mukubwa anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma moja. Kwa mutoto ni 75. Lakini angalieni vizuri, kwa maana hesabu hii inadanganya macho. Kila zikiongezeka desibeli 3 tu, nguvu inayoingia sikioni inakuwa mara mbili, na saa zinakatwa katikati. Kwa desibeli 90 zinabaki saa 4 kwa juma zima. Kwa 100, zinabaki dakika 20. Na visikilizio vingi vikifunguliwa mpaka mwisho vinaweza kufika 100 na kupita. Kijana anayesikiliza namna hiyo katika gari kutoka Bunia mpaka Nyankunde amemaliza sehemu yake ya juma mbele ya kufika.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Mugonjwa wa jino anakuja usiku akilia. Mugonjwa wa kelele anakuja kisha miaka, na mara nyingi ni muke wake anayemuleta. Kwanza anasikia mulio kama wa nyenje, usiku, wakati nyumba imenyamaza. Mulio huo unapita, unarudi, halafu siku moja haupiti. Kisha sauti nyembamba zinapotea mbele ya zile nene. Anasikia kwamba unasema, lakini hashiki maneno, zaidi sana pahali penye watu wengi. Herufi s, f na t zinamuponyoka. Basi mama anauza nyanya, mununuzi anasema "sita", yeye anasikia "tisa", na ugomvi unaanza. (Wale wanaoendelea kusema "kenda" wamejiokoa kidogo.) Mwanafunzi naye anaitwa mujinga ao mukaidi, kumbe hasikii mwalimu.

Kwa nini vijana wanafungua sauti namna hii? Si kwa ukaidi tu. Mutu yuko katika gari lenye motere kubwa, ao kando ya kinu cha kusaga, na anataka muziki ushinde kelele. Hivyo sikio linapokea kelele mbili. Dawa yake ni kuacha muziki mpaka ufike pahali pa kimya. Kuna visikilizio vinavyozuia kelele ya inje, na hivyo ni vizuri kwa kuwa mutu hana haja ya kuongeza sauti. Lakini visitiwe sikioni barabarani hata kidogo. Motari anayepiga honi nyuma yako hajui kwamba umejifanya kiziwi. Na motari anayeendesha mwenyewe akiwa na muziki masikioni, mimi sipandi pikipiki yake, nanyi musipande.

Sauti ya simu isipite sehemu 6 kwa 10. Simu nyingi za sasa zina pahali pa kufunga kipimo hicho, hata mutoto asiweze kukipita. Ukiwa nacho sikioni, mutu aliye karibu nawe, umbali wa mukono mumoja, aseme kwa sauti ya kawaida: usipomusikia, umepita kipimo. Kisha saa moja, vua, pumzisha masikio. Usilale navyo, utaamka asubuhi muziki ukiwa umekanyaga majani usiku kucha. Kutia sikio moja tu si wokovu, maana utaharibu lile moja.

Sikio linalotoa usaha lisitiwe chombo hicho wala kitu kingine, wala unyoya, wala ufunguo. Aje tumuangalie. Ndugu wasiazimane visikilizio kama wanavyoazimana viatu; kama ni lazima, vifutwe kwanza. Tena sisi waganga tunatoa dawa zinazoweza kuumiza sikio: sindano za gentamisini zinaweza kuliharibu kabisa, na kinini inaleta mulio. Tunazitoa kwa sababu zinaokoa maisha. Mugonjwa anayezipata akae mbali na kelele kubwa, na akisikia mulio asinyamaze, amwambie mufanyakazi wa zamu siku ileile.

Sasa nitasema neno ambalo wengine hawatalipenda. Tunawakemea vijana kwa chombo kidogo kama punje ya mahindi, na siku ya arusi ao usiku wa mukesha sisi wenyewe tunaleta vipaza sauti virefu kuliko mutu, tunavielekeza kwa watoto walioketi chini mbele, na tunavifungua mpaka madirisha yanatetemeka. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu liliweka kipimo kwa pahali pa muziki: sauti isipite desibeli 100 kwa wastani. Kuna programu za simu zinazopima jambo hili. Hazipimi sawasawa kabisa, lakini zinaonya. Wazee wa kanisa wamupe kijana mumoja kazi hiyo. Atakuwa na furaha, na labda kisha pale atapima visikilizio vyake mwenyewe.

Watu wananijibu kwamba tukipunguza sauti, wazee walioketi nyuma hawatasikia mahubiri. Ni kweli. Basi wazee waje mbele, na watoto waende nyuma.