Mzazi wako akistaafu, mwambie asikimbilie kujenga jumba ocha

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na leo naishi karibu na geti la chuo kuliko nilivyowahi kuishi nikiwa mwanafunzi. Nikisukuma pazia naliona: Chuo Kikuu cha Kabianga, kaunti ya Kericho. Sikusoma hapa. Nimefika hapa kwa sababu wazazi wangu wamestaafia hapa. Cheka tu, lakini ukimaliza nisikilize, kwa sababu hii mambo inakuja kwenu pia.

Kama uko kwenye ishirini na kitu na umelelewa Nairobi, kuna uwezekano mkubwa buda yako anahesabu miaka. Serikalini unatoka ukiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa 55, wakabadilisha 2009. Mzee wangu alifika 60 mwaka wa 2022, baada ya miaka 34 ya ukarani, na sisi tukiwa Umoja muda wote ninaoukumbuka. Na kama wababa wengi wa kutoka upande wa Kericho na Bomet, miaka hiyo yote alikuwa na nyumba moja kichwani. Ya mawe, vyumba vitano, mabati ya rangi, Konoin, kwenye shamba la babu, majani chai pande zote. Akapata ile robo ya penseni inayolipwa kwa mkupuo, akajenga.

Nyumba ni kali, siwezi danganya. Ukisimama kwenye veranda asubuhi unaona chai inashuka mpaka mtoni halafu inapanda tena ng'ambo. Niliposti video ya hiyo veranda na ikafanya vizuri kuliko chochote nilichowahi kuposti, watu wakiandika eti hayo ndiyo maisha.

Haya, ishi hapo sasa. Wiki ya kwanza unasikia ndege, unasema wah, amani. Mwezi wa tatu unasikia ndege wale wale. Saa nane mvua inanyesha, matope yanafika kwa goti, na hakuna mtu anakuja wala hakuna mahali pa kwenda. Wenzake mzee aliowaacha wakiwa vijana walimsalimia vizuri, chamgei, chamgei mising, lakini kwao yeye alikuwa mtu wa Nairobi, na mtu wa Nairobi anatembelewa akiitwa harambee. Mathe ndiye aliumia zaidi. Umoja alikuwa na chama, alikuwa na kwaya, alikuwa na mama mboga wa kupiga naye stori jioni. Konoin alikuwa na vyumba vitano vya kupiga deki.

Nasema hivi nikijua nitatukanwa: sisi watu wa hapa tunajenga nyumba za kijijini kwa ajili ya siku ya mazishi. Sebule kubwa ni ya waombolezaji. Uwanja ni wa tenti. Hatujengi tukifikiria mtu wa miaka 65 anayetaka dawa ya presha saa tatu usiku.

Na ilifika hiyo saa tatu. Aprili 2023, mvua ya masika, mzee akaanguka bafuni. Gari halikuweza kufika mlangoni na boda alikataa ule mlima. Vijana wa jirani walimkalisha kwenye kiti cha plastiki wakambeba hivyo mpaka kwenye lami, karibu kilomita mbili, mathe nyuma na tochi ya simu. Alipona. Daktari akasema arudi kila mwezi kupimwa. Mathe akasema hatangoja kile kiti kitumike mara ya pili.

Dada yake ana kibanda cha chakula hapa Kabianga, chapo madondo na chai ya maziwa. Walikuja kukaa wiki moja. Sasa ni mwaka wa tatu. Wamepanga nyumba ya vyumba viwili, na jumba la Konoin linakaliwa na kijana anayeangalia chai, anayelala chumba kimoja na kuweka mbolea kwa vile vingine.

Kabla chuo hakijapewa hati yake 2013, jina Kabianga lilimaanisha shule ya wavulana, na hiyo ipo tangu miaka ya 1920. Mpaka leo ni kijiji kilichozungukwa na chai. Hata chuo chenyewe kina shamba lake la chai. Lakini makomredi ni maelfu na kila mmoja ana mahitaji, kwa hivyo kuna matatu za kwenda Kericho mjini asubuhi mpaka jioni, kuna chemisti, kuna M-Pesa kila hatua kumi, intaneti ni ya kueleweka, na ukitoka nje unakutana na watu. Mzee anapanda matatu peke yake kwenda kliniki na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mambo ya moyo yakiwa mazito, Tenwek iko upande wa Bomet, na hao wanafanya mpaka upasuaji wa moyo. Watu wa kaunti zingine wanasafiri usiku kucha kuja huku tunakokukimbia.

Makomredi wanamwita boiyot. Anakaa kwa benchi la kibanda na gazeti la jana, na kwa sababu alikuwa karani, amegeuka ofisi. Wanaoanza mwaka wa kwanza wanamletea fomu za HELB asome kama wamejaza vizuri. Anawarudishia na kalamu nyekundu. Nani anatembea na kalamu nyekundu akiwa amestaafu?

Sasa, sio kila kitu ni poa. Ijumaa kuna muziki mpaka saa tisa usiku. Baridi ya huku sio rafiki wa magoti. Likizo ikifika mji unakauka, hata mbwa wa kibandani wanakonda. Na rafiki uliyemzoea anamaliza miaka minne anaenda, halafu unaanza tena na mwingine.

Lakini kosa kubwa ninaloona wastaafu wakifanya hapa ni kuja na hesabu za landilodi. Mtu anatoka Nairobi na pesa yake ya uzeeni, ananunua ploti, anamwaga bedsita ishirini, na kuanzia hapo kila komredi akipita anaona kodi inatembea. Mzee wangu alitaka hiyo pia. Alikuwa na mchoro na mkopo wa sacco ulikuwa karibu kupita. Mimi na mathe tulimkazia, na sitasahau, kwa sababu 2025 wahadhiri waligoma kutoka Septemba mpaka Novemba, siku 49. Makomredi wengi walienda nyumbani. Kuna jirani mwenye hosteli ya mkopo, mwalimu mstaafu, alikuwa anafagia korido tupu kila asubuhi kama anafagia kaburi. Na hiyo ni siku 49 tu. Machi 2020 vyuo vilifungwa nchi nzima kwa ajili ya korona na hakuna aliyejua vitafunguliwa lini. Kama penseni yako yote inategemea mtoto wa mtu kupata HELB kwa wakati, bado hujastaafu, umebadilisha tu mwajiri.

Halafu kuna upande wa komredi. Kila landilodi mpya akiweka vigae na kuita nyumba yake ya kisasa, wa jirani anapandisha pia. Anayelipa tofauti ni mtoto wa mchuma chai anayekula mara moja kwa siku.

Kuna kitu sijakiweka kwa video yoyote. Niliacha chuo kwa sababu ya karo. Mwaka huo mzee alikuwa anajenga. Alilipa nusu, mkopo ulichelewa, nikafungiwa mtihani, na sikumwambia kwa sababu kila nikipiga simu alikuwa anaongea habari ya mabati. Simu yangu ilikuwa imeanza kuniletea vijisenti vya kontenti, nikajiambia sitaki chuo hata hivyo. Alipojua, hatukuongea miezi nane. Kwake nilikuwa mvivu wa TikTok. Kwangu ile nyumba ilikuwa na vyumba vitano, na kimojawapo kilikuwa changu kwa njia ambayo yeye hakuijua.

Mwaka jana kuna msichana alikuwa anamsaidia mathe kufua wikendi, mwaka wa tatu, mwerevu kabisa. Wiki ya mtihani tukamkuta ameketi kibandani saa nne asubuhi, kofia imefunika macho. Karo. Mzee akamuuliza deni ni ngapi, akasema, na mzee akaenda kwa benchi lake akakaa kama dakika tano. Halafu akaniita.

"Weri. Kwani wewe, yako ilikuwa ngapi?"

"Elfu thelathini na mbili."

Dari ya sebule ya Konoin peke yake ilipita hapo, na yeye ndiye aliyeweka risiti zote. Hakusema pole, wababa wa huku hawana hilo neno. Aliniuliza kama nimekula. Ya yule msichana aliilipa pole pole, na sasa jioni mimi na yeye tunaketi benchi moja. Kama angekuwa bado kwenye veranda yake hangeliuliza hilo swali, kwa sababu huko hakuna komredi anayepita mbele yake akiwa amefungiwa mtihani.

Kwa hivyo wewe mwenye mzazi wa miaka 57, uliza mapema, kabla simiti haijanunuliwa. Usiulize atajenga wapi. Uliza atakuwa anaongea na nani Jumanne saa nane mchana, na akiumwa usiku atafikaje kwenye lami. Akisema ocha, sawa, ni kwao, nyumba ndogo ya vyumba viwili inatosha. Waambie wapange kwanza mwaka mmoja mahali kuna watu: Kabianga, Bomet mjini karibu na chuo, popote penye vijana na chemisti. Wakichoka, shamba haliendi popote.

Ndugu zake wa Konoin bado wanapiga simu kumuuliza atarudi lini nyumbani kwake. Huwa anawaambia mvua ikiisha. Na wewe unajua mvua ya huku.