Nani Anayezilisha Njozi za Hollywood?

Wanafunzi wetu wa fasihi wamezoea kuwahukumu wahusika upesi mno. Mhusika akiwa na ndoto isiyotimia, huandikwa kwamba ni mpumbavu. Akijidanganya, huandikwa kwamba ana tamaa. Kisha kalamu huhamia swali la pili. Mwalimu naye, aliyerundikiwa madaftari, hutia alama na kuendelea. Hukumu ya namna hii huipunja kazi ya mwandishi, na aghalabu hudhihirika katika kuzisoma hadithi zilizotungwa kuhusu Hollywood, kitovu cha filamu za Marekani.

Itazame riwaya ya Nathanael West, The Day of the Locust, iliyochapishwa mwaka 1939. West aliyajua aliyoyaandika, kwani alijipatia riziki kwa kuandika miswada ya filamu katika studio za huko huko. Hata hivyo, aliwaacha nyota kando akawachagua watu wa pembezoni. Harry Greener ni mchekeshaji mzee aliyepitwa na wakati, ambaye sasa huzunguka nyumba hadi nyumba akiuza dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha. Akibisha hodi huigiza, akikataliwa huigiza. Hata maradhi yanapomshika kwelikweli nyumbani mwa mteja, yeye mwenyewe hatambui maigizo yamekomea wapi na ugonjwa umeanzia wapi. Je, huu ni upumbavu? Mtu aliyezeeka na ujuzi mmoja tu, ambao hautakiwi tena sokoni, atauficha wapi uso wake?

Binti yake, Faye, hutafuta vijisehemu vya kuigiza. Hukaa akizipekua njozi zake mithili ya mcheza karata, akiiacha hii na kuishika ile, mpaka aipate itakayomtuliza. Anajua fika kwamba mchezo huo ni wa kubuni. Anaushikilia kwa kuwa hana kingine cha kushika.

Mnamo mwaka 1950, Billy Wilder alituonyesha upande wa pili katika filamu Sunset Boulevard. Norma Desmond anavyo vyote anavyovikosa Faye: jumba, fedha, gari, jina. Lakini enzi ya filamu bubu iliyompa vitu hivyo imekwisha. Barua za mashabiki zingali zinamfikia, nazo ndizo zinazomtegemeza. Mwandishi wa barua hizo ni Max, mtumishi wake, ambaye zamani alikuwa mwongozaji wa filamu zake na mume wake wa kwanza! Studio inapopiga simu, Norma anaamini kwamba anaitwa kazini. Kumbe wanalitaka gari lake la kizamani.

Hapa ndipo yafaa mwalimu asimame na darasa lake. Kwamba Norma anajidanganya, kila mtu ameona. Lililo gumu ni kusema nani anayempatia udanganyifu huo, na kwa faida gani. Max huutoa kwa mapenzi na, nadhani, kwa woga wake pia, maana bila bibi yake hana tena makao duniani. Joe Gillis, mwandishi kijana mwenye madeni, hunyamaza kwa kuwa analishwa na kuvishwa.

West anaufikisha mkasa huo mbali zaidi. Mwishoni mwa riwaya yake umati umefurika nje ya jumba la sinema kuwangoja nyota. Wengi wao ni watu waliovuja jasho miaka na miaka, wakaweka akiba, wakahamia California waliyoahidiwa. Jua wamelipata, na machungwa pia. Magazeti na sinema zimewalisha mauaji na mahaba kila siku, hata hakuna tena kinachowashibisha. Homer Simpson, mweka hesabu mpole kutoka Iowa, anapomkanyaga mtoto aliyemtupia jiwe, umati unamvamia, na barabara nzima inageuka vurugu.

Riwaya hiyo haikununuliwa sana ilipotoka, na West alifariki katika ajali ya gari mwezi Desemba 1940. Mwaka 1975 Paramount, studio ile ile iliyotoa Sunset Boulevard, iliigeuza kuwa filamu, na watu wakapanga foleni wakalipa kiingilio kuutazama umati ule.