Umeme kichwani: woga wa watu una historia yake

Ukisema hadharani kwamba kuna hospitali zinazopitisha umeme kichwani mwa mgonjwa wa akili, wengi watajibu kuwa hayo ni mateso. Madaktari nao husema watu hawajui. Lakini watu wanajua jambo moja la kweli: namna tiba hiyo ilivyoanza.

Ilianza Roma, Italia, mwaka 1938, kwa Ugo Cerletti na Lucio Bini. Mgonjwa wao wa kwanza aliletwa na polisi. Baada ya umeme wa kwanza kushindwa alipiga kelele wasirudie, wakarudia. Kwa miaka mingi wagonjwa walitibiwa wakiwa macho, wengine wakavunjika mifupa kwa kutetemeka. Sinema ya Marekani ya mwaka 1975, aliyocheza Jack Nicholson, ilionyesha umeme huo kama adhabu, na picha hiyo imebaki vichwani hadi leo.

Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, hupewa dawa ya kulegeza misuli na oksijeni, kisha umeme hupita kwa sekunde chache tu. Kwa kawaida hurudiwa mara 6 hadi 12. Kwa mtu mwenye huzuni kali aliyeacha kula na kunywa, tiba hii inaweza kuokoa maisha pale vidonge vinaposhindwa. Ila kuna wanaopoteza kumbukumbu, baadhi kwa muda mrefu, na daktari anayeficha hilo ndiye anayelisha uvumi.

Hapa Kongo mjadala unabadilika. Jamaa nyingi hupitia kwanza vyumba vya maombi, na hufika hospitalini zimechoka, pesa zimeisha. Mtaalamu wa usingizi ni adimu, umeme wenyewe unakatika. Bila usingizi na oksijeni tungerudi kule kule 1938, na OMS ilishasema mwaka 2005 kwamba kutibu namna hiyo kukomeshwe.

Kwa hiyo, anayependekezewa tiba hii aulize: nani atanilaza, oksijeni ipo, nitasahau nini, na nikikataa mtanipa dawa gani? Tena maswali hayo ni ya mgonjwa mwenyewe kila anapoweza kusema, si ya kaka mkubwa wala mchungaji aliyemleta.