Baruti Nyingi Si Nguvu

Mkulima wa Kibaoni ambaye mpunga wake waliwa na nguruwe au kiboko huona gobore lake ni hafifu, akazidisha baruti. Shauri hilo ni baya. Baruti ikizidi, kasiba hupasuka, na mtu hupoteza vidole au jicho.

Mara nyingi bunduki huonya kwanza. Zitazame dalili hizi:

1. Kitako chapiga bega kwa nguvu kuliko desturi.
2. Moto mwingi watoka katika kifa, yaani mahali paketipo fataki, au mtambo warudishwa nyuma.
3. Kasiba ina uvimbe au ufa. Ipapase yote kwa vidole.

Ukiona hata moja, usipige tena. Ipeleke kwa fundi mwenye leseni.

Sababu ni hizi: baruti ya kukisia kwa kiganja, baruti ya risasi za kisasa, ambayo gobore haliwezi kuistahimili, risasi isiyoshindiliwa mpaka iiguse baruti, matope mtutuni, au baruti ya jana iliyosahauliwa ndani. Basi uwe na kipimo kimoja alichokikubali fundi, wala usikizidishe kamwe.

Wengine husema kiboko hafi kwa baruti kidogo. Ni kweli, lakini gobore si silaha ya kiboko. Waite askari wa wanyamapori. Tena sheria ya silaha ya mwaka 2015 yataka kila bunduki iwe na leseni.

Shamba lililoliwa hulimwa tena mwakani. Mkono uliokatika haulimi.