Saba Mara Nane



Wazazi wenzangu, majuma mawili yaliyopita nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Nairobi kumtazama binti yangu, ambaye pamoja na mumewe wana duka la madera mtaani Eastleigh. Aliyewahi kununua bidhaa za jumla anaujua mtaa ule. Mikokoteni hupishana na magari tangu asubuhi hadi usiku, na hesabu hupigwa midomoni kwa Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, wala hakuna anayemngoja mwenziwe.

Siku ya pili, baada ya sala ya Alasiri, nilimkuta mjukuu wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Nne, amekaa mbele ya kompyuta kuukuu ya babake. Kwenye kioo palikuwa na anga nyeusi yenye nyota, vimondo vikiteremka kwa kasi kuelekea vijumba vya barafu, na ndege pengwini akivifyatulia miale ya moto. Sikupendezwa. Nikamwambia kwa ukali, "Wakati huu si wa kupotezwa kwa upuuzi!"

Mtoto akasimama kwa adabu. "Samahani, Babu. Mama ndiye aliyeniambia nicheze. Ni hesabu za kuzidisha."

Nikavuta kiti nikatazama. Kila kimondo kilibeba swali: sita mara nne, tisa mara tatu. Mtoto huandika jibu, akabonyeza kitufe, na jibu likiwa sahihi kimondo husambaratika. Akikosea au akichelewa, kimondo hukiangukia kijumba kikaharibika. Mchezo wenyewe huitwa TuxMath. Ulitungwa na mwandishi wa programu aitwaye Bill Kendrick, ukatolewa mwaka 2001. Haulipiwi, hauhitaji intaneti ukishawekwa kwenye mashine, na hukubali hata kompyuta kongwe kama ile.

Usiku, mtoto alipolala, binti yangu alinieleza kisa chake. Muhula uliopita mwanawe aliitwa ubaoni, akaulizwa saba mara nane. Alinyamaza, na darasa zima likamcheka. Tangu siku ile, kila palipokuwa na somo la hesabu aliamka akilalamika tumbo. "Baba," akaniambia, "ilifika hata ukimuuliza mbili mara tatu, machozi yanamlenga."

Sikuwa na la kusema, kwa kuwa swali hilo hilo liliwahi kuniaibisha mimi. Nilikuwa kijana nikisoma faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi. Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinipa mas'ala haya: mtu amefariki, akaacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Madeni na wasia vimekwisha kutolewa. Gawa.

Mke ana thumni, fungu moja katika manane. Yanabaki saba kwa watoto. Mwana wa kiume huhesabiwa vichwa viwili na binti kimoja, kwa hiyo watoto ni vichwa vinane, na mafungu saba hayagawiki kwa vichwa vinane bila kukatika. Dawa yake ni kuzidisha asili ya mas'ala kwa idadi ya vichwa: nane mara nane, sitini na nne. Mke apate manane. Watoto wapate saba mara nane.

Nami nikajibu, "Hamsini na nne."

Mwalimu hakunipiga wala hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Na hayo mafungu mawili ya mayatima, umempa nani?"

Jibu ni hamsini na sita: kila mwana wa kiume kumi na manne, kila binti saba. Tangu siku hiyo sijalisahau. Ndipo nilipofahamu kwamba jedwali la kuzidisha si la mtihani peke yake. Ni mizani ya haki za watu. Imamu wa fani hii ya hesabu, al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Mtu anayegawa mali ya marehemu huku hajui kuzidisha hukalia hatari, hata nia yake ikiwa safi.

Basi katika siku nne nilizokaa pale, nilimtazama mjukuu wangu kwa jicho jingine. Nikaona mchezo ule una jambo moja ambalo darasa lake halikumpa: haumcheki. Akikosea, kimondo kimeanguka na basi, na swali alilolikosa humrudia baadaye ajaribu tena. Sisi wa madrasa tunalijua jambo hili kwa jina la muraja'a. Hakuna aliyehifadhi Juzuu Amma kwa kuisoma mara moja. Ulimi hurudia hata neno likaja lenyewe. Siku ya tatu nilisikia akinong'ona, "Saba mara nane, hamsini na sita," kabla kimondo hakijafika katikati ya anga.

Lakini Jumamosi dukani nikaona na upungufu wake. Mteja alichukua madera saba, kila moja shilingi 800. Nikamgeukia mjukuu wangu nikamwambia apige hesabu. Akanitazama kwa wasiwasi. "Babu, hapa ninajumlisha au ninazidisha?"

Mtoto aliyekwisha kuliangamiza swali lile angani hakulitambua lilipomjia limevaa nguo. Tukayapanga madera mezani moja moja, tukasema mia nane, mia nane, mpaka saba. Akaangua kicheko. "Kumbe ni kile kimondo!" Akamwambia mteja, "Elfu tano na mia sita," na sauti yake haikutetemeka.

Hapo ndipo nilipo na nasaha yangu. Mchezo kama huu ni muraja'a, si darsa. Hukazia lililokwisha kufahamika, haufundishi maana yake. Maana hufundishwa na mzazi na mwalimu, kwa madera, kwa maembe, kwa nauli ya matatu. Mtoto aanze kwa vitu mkononi, kisha aende kwenye kioo kutafuta wepesi, kisha arudi dukani ajaribiwe.

Wapo watakaoniuliza kama michezo hii ni halali. Mtume (s.a.w.) aliwaachia Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi. Mchezo wenye faida, usio na kamari wala machafu, na usiopitisha wakati wa sala, sioni sababu ya kuuharamisha. Ila wekeni mipaka. Robo saa baada ya Alasiri yatosha, na baina ya Magharibi na Isha ni wakati wa chuo. Muziki zimeni. Na jihadharini zaidi na michezo ya bure ya simu, ambayo mara nyingi huleta matangazo ya kamari mbele ya macho ya mtoto.

Usiku wa mwisho mjukuu wangu aliniuliza kama roketi za kweli hurushwa ng'ambo tu. Nikamwambia kwamba baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wetu, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Akatulia kidogo, kisha akasema, "Babu, waliorusha walijua saba mara nane?"

Nikamwambia, "Walijua. Na walipokuwa wadogo, huenda na wao walichekwa."

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi subira ya kuwafundisha bila ya kuwavunja nyoyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.