Mgonjwa Apumzike, na Mgao Wake Usipotee

Mafua ni ugonjwa uliozoeleka mno hata watu wengi hawauhesabu kuwa ugonjwa. Mtu hukohoa, mwili wake ukawaka homa na viungo vikamuuma, naye husema, “Ni mafua tu,” kisha huyo kazini. Twapenda kuwaambia waziwazi wanachama na wafanyakazi wote, na hasa ndugu zetu wavuvi wa Nkome na wachimbaji wa Geita, kwamba neno hilo “tu” limekwisha kuua watu wengi, nalo laweza kuua tena.

Yako mafua mepesi ya kuchuruzika pua, ambayo hupita upesi. Iko pia homa kali ya mafua, iitwayo influenza. Hiyo hutokana na virusi vyake maalumu, nayo humwangusha mtu ghafla na yaweza kumtia kichomi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka homa hii huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa maradhi ya kupumua.

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiisha, homa hiyo ilizunguka ulimwengu mzima. Yakadiriwa kuwa iliwapata watu milioni 500, yaani mtu mmoja katika kila watatu wa wakati ule, ikaua milioni 50 au zaidi. Afrika ya Mashariki iliingia kwa meli katika bandari ya Mombasa, ikapanda gari moshi kwenda bara. Huku Tanganyika iliwakuta askari na wapagazi waliokwisha kudhoofishwa na njaa na miaka minne ya vita. Askari wa jeshi la Wajerumani waliosalimu amri Novemba 1918 walipokusanywa kambini Tabora, homa iliwaua wengi ambao risasi zilikuwa zimewakosa. Tena haikuchagua wazee na watoto wachanga peke yao. Iliwaua sana vijana wa miaka 20 hadi 40, yaani watu wenye nguvu na watu wa kazi.

Funzo la mwaka ule ni wazi. Maradhi hayana miguu, bali hutumia miguu yetu. Yalifuata meli, reli, kambi na masoko, kwa sababu ndiko watu walikokuwa. Leo mwendo umekuwa wa kasi zaidi. Dagaa wanaoanikwa mwaloni huondoka kwa lori, mchuuzi hupanda basi, mchimbaji hutoka duara moja kwenda jingine akisikia dhahabu imeonekana. Njia hizo ndizo riziki yetu, wala hatusemi zifungwe. Twasema watu wajue ni nini kinachosafiri nao.

Homa ya mafua hupita katika pumzi. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza, hutoa matone madogo yenye virusi, na aliye karibu huyavuta. Matone hayo hukaa pia mikononi na katika vyombo, na mkono ukigusa pua, mdomo au macho, ugonjwa umeingia. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mtu huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba baada ya kuugua.

Sasa tupige hesabu. Wataalamu wakadiria kwamba katika ile homa ya 1918 mgonjwa mmoja aliwaambukiza watu kama wawili. Wawili huzaa wanne, wanne wanane, na zamu ya kumi huwa wagonjwa 1,024. Kwa homa ambayo zamu moja ni kama siku tatu, hiyo ni kazi ya mwezi mmoja. Lakini hesabu hiyo hiyo ina faraja. Kila mgonjwa akimwambukiza chini ya mtu mmoja, homa hufifia ikazimika yenyewe. Hapana haja ya kuzuia kila chafya. Yatosha kupunguza zaidi ya nusu.

Yanayopunguza ni mambo ya kila siku. Madirisha ya kambi yafunguliwe, na anayeogopa mbu atumie chandarua badala ya kuziba hewa. Kikombe kimoja kisizunguke mdomo hadi mdomo. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mwenye kukohoa ajifunike kwa kiwiko. Wenzetu wanaosaga mawe kwenye makarasha wajihadhari zaidi, maana vumbi la mwamba huharibu mapafu na kuyafungulia mlango maradhi, kifua kikuu kikiwa cha kwanza. Tena wananchi wasikimbilie kununua antibayotiki dukani, kwani dawa hizo haziui virusi. Mgonjwa anayepumua kwa shida, au mwenye maumivu ya kifua, apelekwe zahanati bila kungoja. Na mama mjamzito, mzee au mtoto mdogo asicheleweshwe.

Lakini kubwa kuliko yote ni mgonjwa kupumzika, na hapa ndipo penye shida yenyewe. Mwenye ajira ya mkataba ana kinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Lakini baharia wa mtumbwi wa dagaa na kijana wa duarani hulipwa kwa mgao. Asiyeingia ziwani hana fungu, na asiyeshuka shimoni hana mfuko wa mawe. Kumwambia mtu huyo alale siku tano, na watoto wake wale nini, ni kumfanyia mzaha. Atakwenda kazini na homa yake, ataificha, na kikosi kizima kitaugua. Tajiri aliyeokoa mgao wa mtu mmoja atapoteza uvuvi wa juma zima.

Kwa hiyo twashauri kwamba kila kikosi cha mtumbwi na kila kundi la duara litenge sehemu ndogo ya mapato kabla ya kugawana, iwe akiba ya mgonjwa. Atakayepatwa na homa apate nusu ya fungu lake, alale hadi apone. Matajiri wachangie, maana faida ni yao pia. Matawi ya chama yaitishe mikutano mialoni na machimboni, yasimamie hesabu ya akiba hizo hadharani, pasiwe na manung’uniko.

Tangu uhuru tumekuwa tukiwataja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Katika jambo hili wote watatu wamekaa mtumbwi mmoja. Ujinga wasema “ni mafua tu,” umaskini wamsukuma mgonjwa kazini, na maradhi yavuna. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tuwawezeshe wenzetu wasiwe na sababu ya kuyaficha.