Joto la Makka na Haki ya Msafiri Kuambiwa

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Kila unapokaribia mwezi wa Septemba, hatukosi kusikia katika misikiti yetu ya Temeke na Kinondoni, baada ya Swala ya Ijumaa, matangazo ya safari za Umra. Hutajwa gharama, hoteli, umbali wake kutoka Haram na siku ya mwisho ya kulipa. Joto halitajwi. Na mwenye kuuliza hujibiwa kwamba kiangazi cha huko sasa kinakwisha.

Jibu hilo lahitaji kutazamwa. Kiangazi cha Bara Arabu hukwisha katika kalenda kabla ya kukwisha katika ardhi. Mwezi wa Septemba, joto la mchana katika mji wa Makka bado hupindukia nyuzi 40. Msafiri wetu naye huwa ndiyo kwanza anatoka katika kipupwe cha Dar es Salaam. Zaidi ya hayo, joto tulilolizoea ni la pwani, lenye unyevu. Mtu hulowa jasho akajua kuwa mwili unapoteza maji. Huko hewa ni kavu, jasho hukauka kabla halijaonekana. Mzee hudhani hajatoka jasho, hivyo hanywi maji, mpaka kizunguzungu kinamwangusha.

Je, dini yetu inasemaje juu ya safari ya namna hii? Tunao mfano ulio wazi: safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Amepokea Kaab bin Malik (r.a.), katika Hadithi ndefu iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba ilikuwa desturi ya Mtume (s.a.w.) kuficha upande anaokusudia anapotoka kwenda vitani. Lakini safari ile, kwa kuwa joto lilikuwa kali, mwendo mrefu wa jangwani na adui mwingi, aliwabainishia watu jambo lenyewe ili wajiandae ipasavyo. Tuzingatie, ndugu zetu: siri ya vita iliachwa ili msafiri ajue ugumu ulio mbele yake. Ikiwa hivyo ndivyo, ni hoja ipi anayo mwenye kuongoza safari ya ibada, isiyo na adui wala siri, ya kunyamazia joto?

Baadhi ya watu husema kuwa maneno kama haya yanavunja tawakkul, na hutoa hoja ya aya ya 81 ya Surat at-Tawba, inayowalaumu wanafiki waliokatazana kutoka kwa sababu ya joto. Hoja hiyo haisimami. Waliolaumiwa ni waliolifanya joto kuwa udhuru wa kubaki nyuma. Walioambiwa habari za joto, wakajiandaa na wakatoka, hao ndio waliosifiwa. Na amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakidai kuwa wao wanamtegemea Allah, kisha wakifika Makka wanaombaomba, ndipo ikateremka amri ya kuchukua masurufu katika aya ya 197 ya Surat al-Baqara. Maji, mwavuli na dawa ni katika masurufu hayo.

Wala hatuzungumzii jambo la kudhania. Katika Hija ya mwaka 2024, joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na Serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo vya watu 1,301. Asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali cha Hija. Walitembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzika. Yeyote anayemwambia mama yetu wa Mbagala au Tandale kwamba kibali si lazima, basi anamuuzia jua.

Kwa hiyo, tunawanasihi wanaosafirisha watu: semeni wazi hali ya hewa ya mwezi mnaoutangaza, na pangeni tawafu za wazee usiku au kabla ya Alfajiri. Tunazinasihi familia: mzee mwenye sukari au presha aonane na daktari mapema, aulizie dawa zake, hasa zile zinazopunguza maji mwilini, na insulini ihifadhiwe penye ubaridi. Aanze kutembea kila asubuhi, kwani Saa'yi peke yake ni takriban kilomita 3. Ndala zake aziweke katika mfuko abaki nazo, maana lami ya nje ya msikiti huunguza nyayo.

Wala asidhani muhrimu kuwa mwavuli unaharibu ihramu yake. Kilichokatazwa kwa mwanamume ni kufunika kichwa kwa kitu kinachokigusa, kama kofia au kilemba. Ama kivuli, Ummul-Huswayn (r.a.) aliwaona Bilal na Usama pamoja na Mtume (s.a.w.) katika Hija yake, mmoja ameshika hatamu za ngamia, na mwingine ameinua nguo kumkinga na joto, mpaka akamaliza kurusha mawe Jamra.

Kaab aliyetusimulia habari za Tabuk alikuwa na uwezo wa kutoka, lakini aliahirisha maandalizi siku baada ya siku, mpaka jeshi likaondoka akabaki. Msafiri wetu wa leo akiahirisha haachwi na ndege. Huondoka nayo akiwa hana maandalizi. Maimamu wetu, mnaposomewa tangazo la safari, ulizeni kwanza habari za joto, ndipo mruhusu lisomwe.

Tunamuomba Allah awatakabalie mahujaji na wenye kufanya Umra, na awarejeshe kwa watu wao wakiwa salama. Amin.